Kitendawili changu ndani ya gitaa

Salme, usinipigie. Umulkheir yuko chumba cha pili, atasikia. Soma tu.

Unaijua kazi ya huyu mjukuu wangu, kukaa mbele ya simu na kusema nyimbo gani mpya za roki ni nzuri na zipi takataka. Leo kaniketisha mimi bibi yake kando yake. "Jaja, hukumu wewe."

Mwimbaji wa kwanza analia kama anayeng'olewa jino. Wa pili, gitaa lake ni msumeno wa mafundi wa Katwe unaokata bati. Nikasema hivyo hivyo, watu mia nne wanatutazama kwenye simu.

Wa tatu sasa. Kijana anaimba, "Ananiliza kila siku, na kila siku namrudisha jikoni. Ni nani?"

Salme, hicho ni kitendawili changu. Nilikitunga mwenyewe nikikata vitunguu, na nilimtegea Umulkheir peke yake.

Nikamuuliza, "Huyu kakipata wapi?" Anatazama kucha. "Kakipata wapi?"

"Ni Sufian, Jaja. Ni... mtu wangu."

Mtu wake. Watu mia nne wamejua wakati mmoja na mimi.

Kazima simu, analia, anauliza kama nitamkataa Sufian.

Na unajua kijana kajibu nini kwenye kiitikio? Eti "mapenzi". Kitunguu kizima kakiita mapenzi.

Nimemwambia, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Basi Sufian aje hapa Nateete na wazee wake, mchana kweupe, anipe mji wangu. Gitaa lake aliache Katwe kwa mafundi wa bati.