Mkono wa Mtu Kwenye Fremu

Jumapili, 3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na masikio? Jumatano nilipokupigia ulinijibu "nani? nani?" mpaka salio likaisha, ndiyo maana nashika kalamu. Grenda ya kukatia vyuma imekula masikio yako, shangazi, kubali tu. Mimi mzima. Bega lililovunjika mwaka jana halinisumbui tena, isipokuwa asubuhi za baridi, na hapo najifanya sisikii.

Kigari changu cha mbio kilifika bila hata mkwaruzo. Siku ya kwanza niliwakusanya wote wa timu karakanani nikawaambia: fremu ya gokati hii kaichomea shangazi yangu aliyenilea, na baada ya ajali kaitengeneza upya kwa mikono yake, kwa hiyo asiiguse mtu. Injini gusa, tairi gusa, fremu niachie. Walicheka, Bosi mwenye timu naye akacheka. Fundi wa timu, tunayemwita Kimya kwa sababu hata salamu anaitoa kwa nyusi, hakucheka. Alikizunguka kigari mara moja, akainama, akaondoka.

Sasa sikia. Kigari kinanitesa. Nikiingia kona, gurudumu la nyuma la ndani linaruka juu, linarudi chini kwa kishindo, mkia unachomoka. Kinarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Nimepunguza upepo wa tairi, nimepanua magurudumu ya nyuma, wapi! Kuna siku kinatulia kidogo, kesho yake ni yaleyale. Dereva mwenzangu, yule tunayemwita Manukato kwa jinsi anavyojipulizia marashi kabla ya kuvaa helmeti, ananiacha kila kona, halafu ananiuliza kama nimelala vizuri.

Na kuna jambo. Boliti ninazozikaza mwenyewe jioni, asubuhi nazikuta zimelegea. Si zote. Ni za bampa na za vile vishikizo viwili vinavyobana kiti. Nikikaza leo, kesho zimelegea. Boliti hazina miguu, shangazi.

Bosi kasema mbio za katikati ya Mei ndizo zitakazoamua. Nikifanya vizuri, nafasi kwenye timu ni yangu mwaka mzima. Nikishindwa, nafunga virago. Sitaki kufunga virago. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Pilipili


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu Pilipili,

Marahaba, marahaba. Mgongo upo, bado unanibeba. Masikio yangu hayana ugonjwa wowote, ni wewe unayenong'ona. Jirani yetu muuza rangi anakusalimu, anauliza utarudi lini. Nimemwambia apange foleni nyuma yangu.

Barua yako nimeisoma. Hapo kuna mkono wa mtu. Wewe umezoea karakana yetu, ambapo mwizi mkubwa ni panya. Huko watu wanagombea nafasi moja. Huyo Manukato simhofii, mtu wa marashi spana ataishika saa ngapi? Namhofia Kimya. Ukimuona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Eti alikizunguka kigari mara moja, akainama, akaondoka! Alikuwa anatafuta nini? Huyo ana lake jambo.

Fanya hivi. Chukua rangi yako ya kucha. Kila boliti ukishaikaza, ipigie mstari mwembamba, nusu kwenye boliti, nusu kwenye chuma. Mtu akiizungusha, mstari utakatika. Usimwambie mtu, hata Bosi. Kisha jibanze mahali uone nani anakuja.

Fremu haina neno. Niliipima kwa kamba kona hadi kona, imekaa sawa. Wala usianze kukifungua kiti; nilikipima kwa mwili wako, ukikitoa utavuruga mizani yote. Tafuta mtu, usitafute chuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na ikishindikana, nyumbani ni nyumbani. Kitanda chako kipo, sijamlaza mtu.

Shangazi yako


Alhamisi, 21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia. Mimi mzima. Nimemkamata!

Mistari ilikatika usiku wa kwanza tu. Nikakaza tena, nikapaka tena, na jana wakati wa chakula wote walipotoka nje, nikajibanza nyuma ya rundo la tairi kuukuu. Kwanza akaja Manukato. Nikadhani ndiye, kumbe kafuata kioo cha ukutani, akajitazama meno akaondoka. Kisha akaja Kimya, spana mkononi. Akapiga magoti. Akalegeza boliti ya kishikizo cha kushoto kidogo tu, akasukuma kiti kwa kiganja, akatulia kama anasikiliza, akalegeza tena. Taratibu, bila haraka hata chembe. Nikaruka nikapiga kelele "mwizi!" Sijui kwa nini nilisema mwizi, hakuiba kitu.

Bosi akaja mdomo umejaa chakula. Nikamwonyesha mistari. Akamuuliza Kimya, "Ni wewe?" Akaitikia kwa kichwa. "Kwa nini?" Bosi akauliza. Kimya alinitazama mimi, akasema, "Nilidhani unajua."

Nijue nini? Alifukuzwa palepale. Akachukua sanduku lake la spana, akavua ovaroli ya timu, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Tangu hapo wanaoosha tairi hawanisalimii. Shauri yao. Lakini lile neno linanizunguka kichwani. Wewe unalielewaje? Nijibu upesi.

Mwanao,
Pilipili


Jumapili, 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo kweli? Sijapata jibu, na si kawaida yako; wewe hata bahasha unaanza kuijibu kabla hujaifungua.

Tangu Kimya aondoke hakuna boliti inayolegea. Mistari yote mizima. Na kigari kimezidi kuwa kibaya! Jana kilinirusha nje ya njia, nikasimama kwenye majani huku Manukato akinipungia mkono. Bosi anaandika tu, na Bosi akiandika ujue kuna mtu anafungiwa virago.

Sasa namshuku kila mtu. Namshuku anayejaza upepo, namshuku anayefagia. Nimelala na sanduku la spana chini ya kitanda. Hata wewe nimeanza kukushuku, kwamba unaumwa na unanificha. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Pilipili


Jumamosi, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Kazi zilikuwa nyingi.

Huyo fundi ameshaondoka, mshukuru Mungu. Watu wa namna hiyo hutupa neno la kukuvuruga wakishika njia, usilifukue. Kama kigari kinakataa, huenda msimu huu si wako. Kurudi si aibu. Muuza rangi anatafuta mtu mwaminifu wa kumsimamia duka, nimemwambia asubiri kwanza.

Shangazi yako


Jumapili, 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Barua yako haikuwa na utani hata mmoja, na wewe hata msibani unatania watu. Ndipo nilipokumbuka ulivyonikataza kukifungua kiti, nikakifungua.

Kuna bomba pale chini. Limelala kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, limepakwa rangi nyeusi ileile, na kiti kikiwepo huwezi kuliona mpaka uwe unalitafuta. Nikatoa picha ya mwaka juzi, ile nimekaa juu ya fremu tupu nacheka. Bomba halipo. Nikakwangua rangi kwenye maungio. Mshono wako naujua kama ninavyoijua sauti yako. Hakuna mwingine anayemalizia kwa kile kinundu kidogo.

Nilikwenda kumtafuta Kimya. Anaziba pancha za baiskeli karibu na soko. Nikamwomba radhi, akanisogezea kigoda. Siku hiyo aliongea, shangazi, utadhani maneno alikuwa anayawekea akiba. Bomba aliliona siku ile ya kwanza alipoinama. Akanikumbusha kitu ulichonifundisha wewe mwenyewe kabla miguu yangu haijafika hata kwenye pedeli: gokati haina springi, fremu ndiyo springi, inajipinda kidogo kwenye kona ili tairi zishike. Ukiikaza mno, itarukaruka. Alidhani nimeliweka bomba makusudi kwa ajili ya bega. Na kwa kuwa nilipiga marufuku fremu kuguswa, aliona haya kuniuliza. Basi akawa analegeza boliti za kiti na za bampa kidogo kidogo, fremu ipate kupumua. Kila siku niliyopata nafuu, ilikuwa kazi yake. Nami nikamwita mwizi mbele ya watu.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua. Tangu barua yangu ya kwanza ulikuwa unajua, ukaniambia nitafute mtu nisitafute chuma. Nimelia mpaka nimekasirika, nimekasirika mpaka nimelia tena. Nakuuliza jambo moja na usinizungushe: ulitaka niwe salama, au ulitaka nishindwe nirudi?

Mwanao,
Pilipili


Jumapili, 5 Mei

Mwanangu Pilipili,

Marahaba. Sijalala vizuri, ila si ugonjwa.

Siku nilipolichomea lile bomba nilikuwa nawaza bega lako. Nilikulisha kwa kijiko mwezi mzima, ukilia usingizini, nikaapa fremu hii haitapinda tena. Hilo ni kweli. Lakini nilijua kitakavyokuwa kwenye kona, mimi si mjinga wa kazi yangu. Barua yako ya kwanza ilipofika, kukueleza ilikuwa sentensi moja tu. Nilikaa nayo. Kisha nikaandika habari za rangi ya kucha. Nilitaka urudi. Tangu uondoke naongea na grenda, na grenda hainijibu. Hilo ndilo jibu lako.

Yule fundi sikumjua, ikawa rahisi kumtwika. Nimemkosea. Mwambie nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno, maana mpaka sasa kila ninaloandika linajitetea.

Sasa nisikilize vizuri. Likateni. Usilikate wewe, una hasira, na mwenye hasira hapewi msumeno. Mpe Kimya. Atumie msumeno wa mkono, grenda aiache, joto lake litadhoofisha bomba kuu. Abakize kipande kidogo kila upande, kisha asugue kwa tupa mpaka karibu na mshono, aishie hapo. Bomba la fremu asiliguse hata kwa bahati mbaya. Upande wa kulia mshono ni mnene, niliurudia, huko aende taratibu zaidi. Akimaliza apime kwa kamba kona hadi kona. Boliti za kiti na bampa zikazeni kama kawaida, hazitahitaji kulegezwa tena. Tairi anzeni na upepo mdogo.

Halafu endesha.

Shangazi yako


Jumatatu, 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo je? Mimi mzima, bega zima, mifupa yote ipo mahali pake. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Kimya karudi. Bosi hakutaka kusikia, anasema fundi akishafukuzwa kafukuzwa. Nikasimama karakanani mbele ya wote nikasema aliyestahili kufukuzwa ni mimi, na kama Kimya harudi, basi na mimi naondoka leo, virago viko tayari. Bosi akakuna kidevu, akaenda kuifuata ovaroli. Kimya alikata bomba kwa msumeno wa mkono kama ulivyosema. Upande wa kulia alikata huku anaguna, akasema mwanamke aliyechomea hapa hakuwa anatania.

Mbio zilikuwa juzi. Nilivyoingia kona ya kwanza nilikuwa nimeuma meno nikisubiri kile kishindo, na hakikuja. Kigari kikajipinda, kikashika, kikatoka. Nilipiga kelele ndani ya helmeti kama kichaa. Manukato kanishinda kwa urefu wa tairi, lakini safari hii hakuniuliza kama nimelala. Nimekuwa wa pili. Nafasi ni yangu mwaka mzima.

Bado nimekukasirikia, sikufichi. Sasa kila unachoniambia nakipima mara mbili. Umeandika kwamba huumwi, nami nimemwandikia muuza rangi kumuuliza. Ndivyo ulivyonifanya, na sijui itaisha lini.

Kimya anasema fremu hii imechoka, itafika mwezi wa nane tu. Bosi alitaka kuagiza mpya ya dukani. Nimekataa. Nataka uichomee wewe. Nitakuja kuichukua mwenyewe, nitakaa wiki nzima, na tutapiga soga mpaka uniombe nirudi kazini. Kimya atakuja pamoja nami. Ataigeuza juu chini na kupitisha kidole kwenye kila mshono kabla sijaikalia. Utamkaribisha vizuri, na hutanuna.

Nakupenda, shangazi. Lakini ataikagua.

Mwanao,
Pilipili