Mzee Aliyeshindwa Kura

Mjukuu wangu Wanja,

Usicheke nikikuita hivyo na bado nanyonyesha. Kwa ukoo mimi ni nyanya yako. Huku Guangzhou tu wazima, mtoto ameota meno mawili. Askari wanakagua pasipoti kila kona, lakini Mungu yupo.

Umeuliza kama ni sheria Amerika mgombea aliyeshindwa ampongeze mwenzake. Mwaka jana niliona hayo kwenye televisheni ya duka la nguo hapa soko la Shahe. Mzee aliyeshindwa alisimama, watu wake wakazomea, akawanyamazisha kwa mikono, kisha akampongeza mshindi.

"Amelazimishwa na sheria?" nikauliza.

"Sheria gani? Ni desturi yao tu," akajibu Mama Akinyi, mchuuzi mwenzangu kutoka nyumbani, bila kunitazama.

Hatukuwa tumesemezana tangu kura za nyumbani, kila mmoja akidai upande wake ndio ulioshinda. Zamani tulijaza kontena la nguo za kupeleka nyumbani pamoja. Sasa viza yangu ya safari ile ilikuwa inaisha wiki hiyo, na peke yangu singeweza kulijaza.

Nikamgeukia. "Mama Akinyi, tupakie pamoja?"

"Umekawia, wewe!" Akamchukua mtoto mgongoni mwangu. "Twende kabla laobani, huyo tajiri wa Kichina, hajafunga ghala."

Kwa hiyo si sheria, mpenzi. Hata mimi hakuna aliyenilazimisha kuanza kumsemesha Mama Akinyi.

Nyanya yako mdogo,
Mama Kui