Nati Mbili Zilizobaki Mkononi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Fundi Springi, ndivyo anavyojulikana na ndivyo alivyotaka aandikwe
Umri: miaka 43
Kazi: fundi wa springi na shokapu za magari, gereji yake mwenyewe
Makazi: chumba na sebule nyuma ya gereji hiyo, mkabala na kiwanda cha magodoro
Tarehe: 9, mwezi wa saba, siku ya Alhamisi
Maelezo yameanza kuandikwa: saa 4:15 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa wala sikukamatwa. Nimekuja kwa sababu kuna gari liko barabarani sasa hivi na halifai kuwa barabarani. Ndani yumo mama yangu mzazi, dada yangu, wanawe wawili, na mume wake, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye dereva. Wanakwenda mji wa chini, mama akafanyiwe operesheni ya jicho. Kile kizuizi cha polisi kilicho juu ya mteremko ni chenu. Nimeomba afande apige simu huko gari lisimamishwe. Afande amesema gari ni la mwenyewe, halijaibwa, na hawezi kusimamishia mtu safari bila maelezo yaliyoandikwa. Haya, tuandike.

Mnamo tarehe 5 mwezi huu, Jumapili, saa nane mchana, shemeji alikuja gereji na gari lake, na nyuma yake pikapu ya kukodi imebeba matairi manne mapya na rimu zake. Nilipima kwa futi ya kupimia. Matairi ya zamani kimo chake ni sentimita sabini, haya mapya themanini na moja. Nikamwambia, "Shemeji, haya umeyavua kwenye trekta la nani?" Akasema, "Kazi yako kufunga, wivu uache nyumbani." Hivyo ndivyo tunavyoongea sisi. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza kama watu wazima tangu siku aliyomwoa dada yangu, miaka kumi na moja sasa.

Naomba hapa paandikwe vizuri, maana ndipo palipoharibika. Mwaka jana shemeji alitoka gereji kwangu amevaa suti, anawahi kikao. Nikampigia simu nikamwambia, "Shemeji, simama hapo hapo ulipo, nimebaki na nati mbili mkononi." Mvua ilikuwa inanyesha. Akashuka, akapiga magoti kwenye matope, akahesabu nati za magurudumu yote manne. Zilikuwa kamili. Mimi na dada tulicheka mpaka tukakaa chini. Wiki nzima nyumbani ilikuwa nati mbili, nati mbili, hata watoto. Shemeji aliapa hataniamini tena kwa neno lolote la gari. Sote tulichukulia kwamba anatania.

Nirudi kwenye kazi. Gari haliinuliwi kwa kukisia. Tairi likizidi kimo linataka nafasi chini ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, gari likipita kwenye shimo na likikata kona. Kwanza nilimuuliza atabeba watu wangapi, kwa sababu springi huchaguliwa kwa uzito, si kwa sura. Akasema yeye na mkewe tu. Nikachagua springi za kuinua inchi mbili na shokapu ndefu za kuendana nazo. Yeye alitaka inchi nne. Nikamwambia, "Inchi nne hiyo si gari tena, ni dari. Dada yangu atapandia ngazi?" Akakubali mbili, amenuna.

Springi na shokapu nilizifunga Jumatatu na Jumanne. Jumanne saa kumi jioni nilivalisha matairi mapya ya mbele, nikayapaka chaki ubavu wa ndani, nikakata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Nilipoingia chini kutazama nikaona alama nyeupe, upana wa kidole, kwenye mpira wa breki wa kushoto. Huo ndio mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Maana yake tairi linausugua. Tena kwa kuwa gari limepanda, mpira wenyewe umevutika. Gurudumu likidumbukia shimoni unakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ilitakiwa mipira mirefu zaidi, na dukani haikuwepo. Muuza vipuri aliniambia itafika Ijumaa, yaani kesho. Nikauvuta ule mpira kando kwa waya, nikaufunga, usiguse tairi wakati gari limesimama. Nimesema limesimama, afande, naomba neno hilo lisirukwe.

Afande ameuliza mpira ukichanika inakuwaje. Mafuta yanamwagika na breki za mbele zinakwisha. Zinabaki za nyuma, na za nyuma peke yake haziwezi kulishika gari lililojaa watu kwenye ule mteremko wa kilomita kumi na mbili. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini. Afande ameuliza nina uhakika gani kwamba utachanika leo. Nimejibu kwamba utachanika. Nisichokijua ni saa.

Pia ameuliza kwa nini nilivalisha magurudumu yote na kulishusha gari chini ikiwa najua halijakamilika. Jana Jumatano ningeweza kuliacha juu ya vyuma, magurudumu nje, na hakuna ambaye angelitoa. Nililishusha kwa sababu nilitaka kuliona limekaaje. Lilikaa vizuri. Nililizunguka mara mbili, nikalipiga picha, nikajisifu peke yangu. Kosa hilo ni langu, na waya ule ni wangu.

Kabla ya kufunga gereji jana nilichukua utepe mpana wa karatasi, ule wa kuzibia vioo wakati wa kupaka rangi, nikaubandika katikati ya usukani na kuandika kwa kalamu nene: USIENDESHE. UTAUA WATU. Sikucheka nilipoandika. Lakini mwandiko wangu ni ule ule wa siku zote, na yeye anaujua.

Iandikwe kwamba saa ya ukutani hapa kituoni ni saa nne na dakika thelathini na tano. Kutoka mjini mpaka kizuizini ni mwendo wa saa moja na nusu. Nimeomba tena simu ipigwe. Afande amesema tumalizie.

Leo saa mbili na nusu asubuhi nilikwenda kwa muuza vipuri kuuliza kama mipira imewahi kufika. Shemeji alikuwa ameniambia mama atapelekwa kwa basi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Ufunguo mmoja uko mfukoni mwangu mpaka sasa, afande ameuona. Shemeji anao wa pili. Nilirudi saa tatu na dakika ishirini, nikakuta pale gari lilipokuwa pamebaki kipande changu cha chaki, kimepondwa.

Nikatazama simu. Saa tatu na dakika kumi na mbili shemeji alikuwa ametuma picha kwenye kundi la familia. Picha ni ya usukani na ule utepe wangu, na chini ameandika: "Nati mbili, sehemu ya pili! Tumeshaondoka, bibi kakaa nyuma kama waziri." Ndugu tisa walikuwa wamejibu kwa kucheka. Mama mdogo, ambaye huwa hajibu kitu humo, alicheka naye. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda wa kupepesa macho nilitabasamu.

Nikampigia shemeji, simu imezimwa, huwa anaizima akiendesha. Saa tatu na dakika ishirini na saba dada alipokea. Nikamwambia, "Dada, simamisheni gari, shukeni wote." Akasema, "Umebaki na ngapi leo?" Nikamwambia, "Sitanii. Breki, dada. Mpira wa breki nimeufunga kwa waya." Nikamsikia anamwambia mumewe, "Leo ni waya." Wakacheka wote, na watoto. Nikapandisha sauti, nikamwapia kwa jina la marehemu baba. Akasema, "Ah, kaka, sasa hapo umezidi, baba muache apumzike." Kwa nyuma nikamsikia mama anasema mwambieni gari zuri, halina kelele, halirushi kama lile la zamani. Hilo ni kweli, springi ni nzuri, nilizichagua mwenyewe. Kisha simu ikakatika. Nimepiga mara kumi na saba, haipatikani. Ile barabara ikishaingia kwenye vilima hakuna mtandao.

Niliandika kwenye kundi kwamba si utani. Mtu mmoja akajibu, "Nati tatu."

Nikakodi pikipiki mpaka kituo cha mafuta cha mwisho cha mjini. Mjazaji akasema gari refu jeusi la matairi makubwa lilijaza, likaondoka zamani, na kwamba walisimama kulitazama. Akaniuliza nani fundi wake. Nikamwambia mwenye pikipiki anilete hapa, nikafika saa nne na dakika tano, nikapanga foleni nyuma ya mtu aliyepoteza kitambulisho.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ni niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono hii, sikulazimishwa wala kuahidiwa chochote, na kama kuna wa kufungwa basi ni mimi. Siku nilipotaka kuaminiwa, nilikuwa nimeshawazoesha watu kutoniamini. Sitaki kusomewa maelezo haya. Nipeni kalamu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na alama ya kidole gumba yenye grisi)

MAELEZO YA MPOKEAJI

Mimi askari wa zamu mezani nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa. Yamekamilika saa 5:02 asubuhi. Nilipiga simu kizuizini saa 5:06. Askari aliyepokea alisema gari jeusi refu la matairi makubwa lilifika hapo saa 4:40, dereva, mwanamke mmoja, mama mzee na watoto wawili. Lilisimama, likakaguliwa bima, likaruhusiwa kuteremka. Gari la doria limetoka hapa saa 5:11 na shahidi yumo ndani. Mpaka ninapofunga jalada hili hakuna taarifa kutoka chini.

Shahidi aliomba mara nne kwamba simu ipigwe, kabla hatujamaliza. Katika maelezo nimeandika mara mbili.

Sahihi: askari wa zamu