Kubonyezewa Jibu

Uholanzi, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Habari za Magogoni, na kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila vidole havijaizoea baridi ya huku. Nikishika kalamu huona kama nimeazima mkono wa mtu.

Mama alinipigia simu wiki iliyopita. Alisema umeitwa kwenye usaili wa chuo cha ushonaji kule Kiembeni, akaniomba nimpigie mkuu wa chuo nimweleze kigugumizi chako, nikusemee mapema ili wasikuhangaishe. Nikakubali bila hata kufikiri. Sijapiga bado, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua kazi yangu ni kusanifu vile vifaa vya darasani, vidogo vya kushika mkononi, visivyo na waya. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anabonyeza kitufe cha jibu lake, na majibu yote yanatokea kwenye kompyuta ya mwalimu. Miezi mingi nimegombana na kitufe tu: kikiwa laini kinajibonyeza mfukoni, kikiwa kigumu mtoto wa miaka saba anaumia kidole. Siku ya kuwashawishi wakubwa wangu kazini niliwasimulia habari zako, kwamba nina mdogo wangu aliyejua majibu yote na hakuweza kuyatamka. Waliingiwa na huruma, nami nikaona fahari.

Jumanne tulivipeleka shuleni kuvijaribu. Mbele yangu aliketi msichana mwenye kigugumizi kama chako. Mwalimu alipouliza, mtoto yule alikitazama kifaa chake, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe, akifikiri. Rafiki yake akanyoosha mkono, akambonyezea. Alifanya kwa mapenzi, hata akamtabasamia. Kwenye kompyuta jibu likaja sahihi, mwalimu akafurahi. Yule msichana akakiweka kifaa mezani, na hakukigusa tena mpaka kipindi kikaisha.

Mwanaidi, yule rafiki ni mimi.

Unakumbuka darasa la sita, mimi niliyerudia darasa nikaja kukaa nawe dawati moja. Mwalimu wa sayansi alikuuliza tunapumua kwa kiungo gani. Ukasimama, neno likakukwama, watoto wakaanza kucheka. Nikasimama mimi: "Anasema mapafu, mwalimu." Nilidhani nakuokoa. Tangu siku ile, kila mwalimu akifika kwako aliniangalia mimi. "Na mdogo wako anasemaje?" Nami sikuzote nilikuwa na jibu, mara nyingine la makosa, ukachekwa wewe kwa kosa langu. Tulipofika darasa la nane ulikuwa husimami tena. Ulipoikataa sekondari mama alisema unaona haya tu, nikamwitikia. Hayo sikuwasimulia wakubwa wangu.

Sasa wenzangu wanataka kifaa kitambue kidole cha mwenyewe, na huenda tukaliweza hilo. Lakini mimi naona aibu, wallahi, kwamba ilinibidi nisafiri hadi huku ndipo nilione jambo nililolifanya kwenye dawati letu wenyewe.

Nifikishie shikamoo kwa mama, na kwa mjomba Athumani fundi wa baiskeli. Msalimie pia shangazi Mwanahawa, yule mwenye duka.

Nimeshamwambia mama kwamba simpigii mkuu wa chuo mpaka wewe mwenyewe uniambie nipige. Amekasirika, anasema nimekutupa. Usaili ni wako, Mwanaidi. Neno likikwama, likwame. Wamekuita wakusikilize, basi na wangoje. Nami nakuomba unisamehe kwa zamu zote nilizokunyang'anya. Na hili pia, asikuharakishe mtu kulijibu.

Dadako,
Zuhura