Misa ya Zakaria Malunde

Jumapili, 6 Julai 1986

Balaa! Padre Gregory anasoma nia za misa — wagonjwa, wasafiri, mavuno — halafu nasikia: marehemu Zakaria Malunde, karani wa mizani, aliyepigwa risasi ghalani. Watu wakainamisha vichwa. Mama Fransiska akajifuta machozi kwa kanga.

Mimi nikaganda. Zakaria Malunde hajafa. Hata kuzaliwa hajazaliwa! Yumo kwenye riwaya niliyomuuzia Efrazia, mkwe wa huyo huyo Mama Fransiska. Anapigwa risasi mwanzoni kabisa.

Nimetoka kabla ya baraka. Sikumsalimia mtu.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeelewa. Efrazia amekuja dukani mbio, hajui acheke au alie. Yeye husoma kwa sauti jikoni akingoja maharage yaive. Mumewe, Margwe, anaendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano, na huandika barua. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta, kusoma hajui — akadhani ni barua ya mwanawe. Akajiambia, kumbe kule ghalani wanauana! Kimya kimya akakamata jogoo, akampelekea padre, akaomba misa.

Efrazia anauliza amwambie mama ukweli? Nimesema subiri kwanza. Mwoga mimi!

Lakini chumba hiki cha duka langu la vitabu ni cha parokia. Mwenyekiti wa walei ameshalalamika kwamba vitabu vya mauaji vinapakana na kanisa. Nikitolewa, niende wapi? Kwangu mchwa wamekula hata fremu ya mlango.

Na kuuza vitabu vingine siwezi. Nilijaribu vya mapishi, vikaliwa na panya. Madereva wa kombaini, manesi, walimu waliohamishiwa huku — wote wanataka vya giza. Mpelelezi mlevi, polisi aliyenunuliwa, tajiri mwongo, mwisho mchungu. Redio inasema kila siku mambo yatakuwa mazuri, na duka la ushirika halina sabuni. Kitabu cha giza angalau hakikudanganyi.

Jumanne, 8 Julai

Mwenyekiti amepita mlangoni. Hakusalimia. Ugali nimeurudisha jikoni bila kuugusa.

Jumatano, 9 Julai

Padre amekuja mwenyewe. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina — sauti yangu kama ya mgonjwa. Akauliza huyu marehemu ni wa ukoo gani, maana ameulizia mpaka Balangdalalu, hakuna anayemjua.

Nikamwaga yote. Barua, ukuta, jogoo. Nikaanza kutazama maboksi, nifunge lipi kwanza. Halafu akacheka! Alicheka mpaka akashika meza.

Akauliza Zakaria alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mbaya, Padre. Alipunja wakulima kwenye mizani, mke akamkimbia, mazishini hakuja mtu ila mpelelezi. Akasema basi misa haikupotea, wa namna hiyo ndio wanaosahaulika. Akaomba kitabu akisome.

Na chumba? nikauliza. Chumba kimefanya nini? akajibu. Na mwenyekiti, ataongea naye yeye mwenyewe.

Ah, Mungu wangu! Nimekula ugali mpaka nimelegeza mkanda. Hata panya nimewasamehe.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Fransiska yuko hapa dukani sasa hivi. Efrazia amemwambia. Nilitegemea matusi. Shikamoo mama. Marahaba, Basili. Akakaa juu ya boksi.

Anasema jogoo hamdai mtu. Kinachomuuma ni yale mazishi. Ng'ombe akifa majirani wanakuja, sembuse karani! Mtu azikwe na mgeni mmoja?

Miaka yote nimeamini watu wanafuata bastola na ujanja. Huyu mama hajui a wala be, na amemlilia mwizi ambaye hata aliyemtunga hakumlilia. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Halafu akasema: na huyo aliyemuua naye ana roho. Nitajie jina, nimpelekee padre, Jumapili tumwombee naye.

Nitaje muuaji! Dukani kwangu hata ndugu yangu wa tumbo moja simtajii. Nikainua macho — Padre Gregory mlangoni, nyuma ya mama, kidole kimebanwa katikati ya kitabu. Anatikisa kichwa. Ananiomba kwa mikono miwili, usiseme! Hajafika mwisho. Na ni yeye atakayelisoma hilo jina mbele ya waumini wote.

Nimemwambia mama ngoja nitafute, nikuandikie. Nikachukua kalamu ili nionekane na kazi, ndiyo maana naandika haya. Padre hataki kuondoka, anaogopa nitatamka. Mama naye hataki kuondoka. Anafuata kalamu yangu kwa macho, mstari kwa mstari, midomo inacheza kama anasali.

Sasa anauliza kwa upole kama nimefika kwenye jina la baba yake, maana hajawahi kuona muuaji mwenye jina refu hivi —