Picha ya Chini Kabisa

Jumatatu, 3 Juni

Chai, kisha somo. Leo ni kona ya kochi, namna ya kukunja kitambaa bila kuacha makunyanzi. Mwalimu wangu ni Mturuki wa kwenye video. Sielewi neno lake hata moja, naangalia mikono tu. Akafika kwenye kona, akaganda. Bando imeisha! Ya mwezi mzima, niliyoweka juzi. Nimebaki nimeduwaa, kijiko mkononi.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua nyingine, roho ikiniuma. Nimekamata kila simu humu ndani: yangu, ya mke wangu Nafula, hata ya marehemu Baba, ambayo Mama alikuja nayo kutoka kijijini baada ya mazishi. Zote nimeshusha ubora wa video hadi picha ya chini kabisa. Nimezima pia ile tabia ya video moja kuisha na nyingine kujiingiza. Nafula analalamika waigizaji wake wote wana nyuso za ugali. Sawa. Ugali ni chakula.

Alhamisi, 6 Juni

Bado inaliwa. Polepole, lakini mchana kutwa, sisi tukiwa kazini. Nikamshuku Kamau, kinyozi wa hapa chini, kwamba anatuibia mtandao. Nikabadilisha nywila ya Wi-Fi, nikashuka kumtazama usoni, nikajifanya nataka kunyolewa.

"Niaje fundi," akaniwahi. "Mtandao wako siku hizi umelala sana. Mimi nilihama kitambo."

Alihama! Kumbe nilikuwa na mpangaji. Nimenyolewa, nikalipa.

Ijumaa, 7 Juni

Roota, kile kisanduku kinachotugawia mtandao, ina ukurasa wake unaoonyesha kila simu inakula kiasi gani. Leo nimejifunza kuufungua. Si Nafula. Ni simu ya Baba.

Mama? Mama huniambia anasikiliza nyimbo za kanisa. Alipotoka kuanika nguo nikaichungulia. Video moja tu, siku zote. Mazishi ya Baba, yale yaliyorushwa mtandaoni kwa ajili ya walio mbali. Anatazama, anarudisha nyuma, anatazama tena. Na kila akirudisha, bando inalika upya.

Nimeirudisha simu mahali pake kama mwizi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemuuliza. Nilitarajia machozi.

"Natafuta mahali nilipolia," akasema.

Shangazi Rosa, dada yake Baba, ameeneza kijijini kwamba mjane hakulia. Kwetu mjane asiyelia huundiwa maneno. Eti alikuwa akingoja mume afe. Pengine alimsaidia kufa. Na mimi niliyedhani Mama amekuja kwetu hapa Tassia, mjini, kupumzika! Amekimbia. Mwenyewe hakumbuki chochote cha siku ile.

"Nilikuwa karibu kujiona. Halafu wiki hii, mwanangu, picha ikaharibika. Nyuso zikawa matope. Ndiyo maana narudia, narudia."

Wiki hii. Kwa mikono yangu hii.

Jumapili, 9 Juni

Nimefanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nimeipakua nzima, picha safi kabisa. Imemeza bando yote iliyobaki, lakini ikishakaa ndani ya simu haidai kitu tena, hata ukiirudia mpaka Krismasi. Baada ya kanisa tukaketi watatu kutazama.

Pale kaburini Shangazi analia vizuri, hasa kamera ikimkaribia. Ananing'inia shingoni mwa mtu. Mtu huyo amemshika kiuno asianguke, na kwa ncha ya leso aliyojitanda anampangusa kamasi. Halafu anaivua leso yote, anamfunga nayo mabegani. Ni Mama. Macho makavu.

Kwa hiyo ni kweli. Hakulia. Nafula akanitazama, nami nikatazama ukuta. Mama alitazama hadi mwisho, mpaka watu wanapokunja mahema.

"Kumbe nilikuwa na kazi," akasema.

Jumatano, 12 Juni

Bando mpya. Mturuki amemaliza kona yake. Mimi nimerudia yangu mara tatu na kitambaa bado kina makunyanzi.

Jioni nimefungua ukurasa wa roota. Simu ya Baba: sufuri. Nikamuuliza Mama kama bado anaitazama ile niliyopakua. Hapana. Leo simu ameitumia kumpigia Shangazi. Anataka arudishiwe leso yake.

Ijumaa anakwenda kijijini kuichukua mwenyewe.