Anataka kutundika picha yangu ya uzazi ukumbini

Dada Catherine mpendwa, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, ndiyo maana mwandiko umelala, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi maana nimechoka na akili zangu zimeishia hapa.

Mume wangu Sosthenes anapenda kupiga picha, sio kazi, ni mapenzi tu, kazi yake ni kuuza vipuri hapa Iringa mjini, na mwanzoni sikuwa na neno, alikuwa na kamera ya dijitali, akienda Kilolo anarudi kajaza kadi nzima ukungu, ukungu tu, nikimuuliza watu wako wapi ananiambia sielewi, halafu rafiki yake Liberatus wa Mbeya akamletea kamera ya zamani ya mkanda na hapo ndipo nyumba iliharibika, sasa dijitali anaiita ya watoto, mkanda ndio sanaa, na kwa kuwa mkanda una picha chache hapigi mpaka kila kitu kikae anavyotaka yeye, nimewahi kusimama uani na ndoo ya maji kichwani huku anazungusha vidude vyake, "Usitue kwanza mama Anjela, mwanga umekaa vizuri," mwanga umekaa vizuri, na shingo yangu je? Ubatizo wa Anjela hakupiga hata picha moja, eti kanisani mwanga mbaya.

Sasa shida yenyewe. Nilipojifungua huyu Anjela, mama yangu mzazi alikuja kutoka Igawa kunitunza, na kwetu mwanamke akiwa kwenye uzazi haonekani na mtu wa nje, hata katekista alinisalimia akiwa mlangoni, basi siku moja mtoto kakataa kunyonya, mimi nalia, kifua wazi, kitenge kimelowa maziwa, nywele kama kichaka, mama yuko nyuma ananifunga tumbo, Sosthenes akaingia na kamera yake ya mkanda. Mama akamgeukia, "Wewe baba Anjela, weka hicho kidude, ushike mtoto!" Akacheka, akabonyeza, akatoka.

Mkanda ukakaa ndani ya kamera akisubiri uishe, na kabla haujaenda kusafishwa mama akafariki. Juzi umerudi kutoka Dar ukiwa negativu tu, picha zenyewe bado hazijatolewa kwenye karatasi. Niliuinua dirishani nikamwona mama, mvi zake zimetoka nyeusi kama za msichana, maana negativu hugeuza nyeupe kuwa nyeusi, mdomo wazi, bado anamgombeza, nikalia. Hana picha nyingine na mjukuu wake, ni hiyo tu. Sosthenes ameipa jina "Upendo wa Mama" na anataka ikuzwe iwe kubwa kama mlango, itundikwe ukumbini mwisho wa mwezi huu kwenye maonyesho ya kikundi chao cha wapiga picha, na baba yangu kamwalika. Baba yangu anione kifua! Nilipokataa akasema hakuna mtu wa nje aliyeingia chumbani, iliingia kamera tu. Liberatus, aliyekuwa kaja kututembelea, akadakia, "Shemeji, hujaelewa, huo ndio uhalisia." Mtoto alikuwa analia muda wote huo na wao wananielimisha, hakuna aliyemnyanyua.

Negativu nimeichukua, nimeificha kwenye pipa la mahindi, yeye anaitafuta kama kichaa. Moyo unaniambia niichome nipumzike, ila nikiichoma nimemchoma na mama. Nampenda huyu mwanaume, dada, sitaki vita. Nifanyeje?

Mama Anjela, Kihesa

*

Mama Anjela,

Pole kwa msiba, na pole kwa shingo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nilikuwa natafuta mahali ambapo Sosthenes amemsaidia mtu kitu. Sikupaona. Mwanaume anapanda gari mpaka Kilolo kufuata ukungu, na huku ukungu mzito zaidi anatembea nao kichwani.

"Iliingia kamera tu." Iliingia kwa miguu yake? Na hao watakaojazana ukumbini ni ndugu zako wa tumbo moja? Huyo kafungua mlango wa chumba cha uzazi, kawapanga wageni mstari, halafu anakuambia huelewi. Na Liberatus, mwambie akampige picha mama yake mzazi kifua wazi, aikuze kama mlango, aitundike Mbeya mjini. Mimi nipo hapa Mbalizi, sio mbali, nitakuja kuuona huo uhalisia.

Lakini na wewe nikuguse. Aliposema usitue ndoo, nani alikushika mikono? Ulisimama, ukabana meno, naye akajifunza kwamba mwili wako ni mahali pa kupimia mwanga. "Sitaki" ya moyoni Sosthenes haisikii, huyo hata ya mdomoni inampita. Na sasa unaficha kitu chako mwenyewe kama mwizi.

Usichome. Itoe kwenye mahindi leo, vumbi na dawa ya wadudu vitaimaliza. Ishike pembeni, usiiguse katikati kwa vidole, izungushie karatasi safi, mpe mwanamke mwenzako unayemwamini aitunze. Baba yako mpigie simu wewe mwenyewe umwambie safari haipo. Halafu subiri mumeo ashibe, mwambie: negativu ninayo, na haitundikwi. Ishia hapo. Ukianza kujieleza atatafuta pembe nzuri ya kukupiga picha ukijieleza.

Akitulia, nendeni wote wawili kwa msafisha picha, na negativu uishike wewe. Mwambieni akuze upande wa mama peke yake, wewe ubaki nje. Hilo linafanyika. Moja ipelekwe Igawa, mzee amtazame mkewe bila kuinamisha uso. Asipotulia, negativu ikae hukohuko kwa huyo mwenzako, ukumbini watundike ukungu.

Ya pili itundikeni ukutani sebuleni, juu ya pale anapoweka kamera yake. Na hilo jina alilolitunga alifute. Alisimama mbele ya yule mama, akamtazama kwa jicho moja, na hakusikia alichoambiwa. Siku Anjela akilia na yeye yuko dirishani anapima mwanga, usigombane naye. Mnyooshee kidole kwenye picha pale ukutani, uendelee na shughuli zako. Mama yako bado anamwambia aweke hicho kidude, ashike mtoto.

Dada Catherine